Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa vituo vya televisheni: kabla hamjajenga studio nyingine ya asubuhi

Ndugu Wakurugenzi,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Keko hapa Dar es Salaam. Riziki yangu kubwa ni vitanda, makabati na milango, ila kwa miaka 19 nimekuwa nikiitwa pia kujenga seti za studio za televisheni: meza za watangazaji, kuta za nyuma, majukwaa, rafu. Nyingi zilikuwa za vipindi vya asubuhi. Ndiyo maana ikifika saa 12, chai ikiwa bado jikoni, nikiwasha runinga macho yangu yanakwenda kwanza kwenye maungio ya mbao, halafu kwa mgeni: amekaaje, miguu yake imefika chini, uso wake unaonekana au umemezwa na ukuta.

Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu vipindi hivi vimeshakuwa sehemu ya asubuhi ya nchi. Kumekucha ya ITV, Jambo Tanzania ya TBC, Clouds 360, Tuongee Asubuhi ya Star TV kule Mwanza, na vya wenzetu wa Kenya. Ndivyo vinavyowashwa saluni, zahanati, stendi za mabasi na kwa mama ntilie kabla supu haijachemka vizuri. Mkulima akialikwa kueleza bei ya korosho, au muuguzi akija kueleza chanjo, pale kwenye kiti chenu ndipo nchi inapomwona kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na kituo kimoja ambacho sitakitaja, kwani sitaki kumchafulia mtu jina. Mchoro ulikuwa umetoka nje ya nchi, umechapwa kwa rangi, unavutia kuutazama. Ulitaka jukwaa la duara lililoinuka sentimita 20 kutoka sakafuni. Nikalijenga kwa usiku tisa, plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya mbao za mbili kwa nne, na ndani nikajaza makapeti chakavu ili nyayo zisilie kama ngoma. Nililipenda. Wiki ya pili nilikuwa pale alfajiri kurekebisha mlango wa rafu, akaja mwalimu mmoja mwanamke aliyealikwa kuzungumzia elimu ya watoto wenye ulemavu. Alikuja na kiti chake cha magurudumu.

Zilikuwa zimebaki dakika chache warudi hewani. Vijana wanne wakajitokeza wambebe na kiti chake wampandishe. Mwalimu akakataa, akasema kwa upole kwamba hakuja kubebwa. Basi akawekwa chini, mbele ya jukwaa, na watangazaji wakabaki juu. Kamera zilikuwa zimepangwa kwa watu walioko juu, kwa hiyo mazungumzo yote nchi ilimwona kwa utosini, amenyanyua shingo kama mtoto anayejibu maswali ya wakubwa. Alizungumza vizuri mno. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na bisibisi mkononi, nasikia aibu ambayo mpaka leo haijanitoka, maana jukwaa lile nililipigilia misumari mwenyewe.

Nikarudi Keko, nikachukua futi na kalamu. Kipimo kinachokubalika kwa njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Sentimita 20 mara 12 ni 240. Shiti ya plaiwudi ina urefu wa sentimita 244 na upana wa 122. Shiti moja ingetosha, na sentimita nne zingebaki. Na mahali pa kuiweka palikuwepo, upande wa kushoto, palipojazwa vyungu vya maua ya plastiki.

Tangu siku ile, kabla sijapokea malipo ya awali, huwa nauliza: nani ataketi hapa? Mara nyingi sipati jibu, kwa sababu mchoro umeshalipiwa, skrini imeshaagizwa na tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa. Hapo ndipo penye ombi langu kwenu. Studio ya asubuhi ianzie kwa mgeni atakayeketi na mtu atakayetazama, halafu ndipo tuje kwenye mbao, vioo na taa. Sisi mafundi tutaweza kuwapa mambo mengi mazuri kwa fedha ileile mnayotumia sasa, mradi tuitwe mapema.

Nije kwenye nyuso, maana hapo pananiuma pia.

Kuta nyeupe zinazong'aa zimekuwa fasheni. Zinaonekana safi kwenye mchoro. Lakini kitu cheupe kama karatasi hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga unaokiangukia, na kadi ya kijivu ambayo mafundi wa kamera hupimia mwanga hurudisha asilimia 18. Ngozi iliyokolea weusi iko chini ya hapo. Ukimketisha mtu wa ngozi hiyo mbele ya ukuta mweupe, kamera inayojipangia mwanga yenyewe inaona weupe mwingi, inabana jicho lake, na uso wa mgeni unageuka kivuli. Fundi wa taa akiongeza taa za mbele, mgeni anatoka jasho, jasho linamulika, anaitwa kijana wa poda, na poda yenyewe mara nyingi si ya rangi ya mgeni. Mtu amesafiri kutoka Songea usiku kucha aje aseme neno lake, halafu watu wake nyumbani wanauliza kama alikuwa mgonjwa.

Tatizo hili lina historia ambayo wenye vituo mnapaswa kuijua. Kwa miongo mingi maabara za picha huko Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi yake ndiyo ikawa kipimo, na watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa giza tupu. Kamera za leo ni bora mno kuliko filamu za wakati ule. Sasa sisi wenyewe, kwenye nchi yetu, na nyuso zetu wenyewe, tunajenga ukuta unaoirudisha hali ile.

Dawa yake haihitaji fedha za kigeni. Ukuta wa nyuma upewe rangi ya katikati isiyong'aa: kahawia ya udongo, buluu ya bahari ya mchana, kijani cha jani la mwembe. Mninga uliopakwa vanishi ya kufifia ni mzuri kuliko alukobondi (zile paneli za alumini) yoyote niliyowahi kukata, kwa sababu unachukua mwanga taratibu na uso unatokeza mbele yake. Taa ya mbele iwe pana, imefunikwa kitambaa, isogezwe upande kidogo ili iuchonge uso. Nyingine iwekwe nyuma ya bega. Ile ya nyuma msiifanyie ubahili. Mama aliyevaa ushungi mweusi bila taa ya nyuma anaonekana uso unaoelea peke yake, na nimewahi kuona hivyo kwa siku tatu mfululizo katika mwezi wa Ramadhani. Siku hizi taa za LED zimewaondolea kisingizio cha umeme na joto: zile za zamani za halojeni zilikuwa zinakula wati 1,000 kila moja, na wasomaji wa habari walikuwa wanaloa kabla ya kufika taarifa ya hali ya hewa.

Kisha sofa. Nimejenga na kuvalisha nyingi, kwa hiyo nasema kama mtu aliyekula fedha yake.

Sofa ya studio ya asubuhi ina mahali ilikotoka. Tarehe 14 Januari 1952, NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, ilipoanzisha kipindi cha asubuhi cha Today mjini New York, waliiweka studio nyuma ya kioo kikubwa cha mtaani, wapita njia wakachungulia ndani na kamera ikawatazama wao. Mwaka 1983 Uingereza ikapata vipindi viwili vya asubuhi katika muda wa wiki mbili, Breakfast Time ya BBC tarehe 17 Januari na Good Morning Britain ya kituo cha TV-am tarehe 1 Februari, na BBC ikawaketisha watangazaji wake kwenye sofa ili habari zifike kama mazungumzo ya sebuleni. Ninachokipenda katika habari hizi ni kwamba wote walianza kwa kuwatazama watu wao: wa New York wanapita mtaani wakienda kazini, wa Uingereza wako ndani kwenye baridi ya Januari. Wakajenga kinachofanana na asubuhi hiyo.

Asubuhi yetu sisi iko wapi? Iko nje. Iko kwenye baraza. Nendeni Mji Mkongwe Zanzibar, pale Jaws Corner, mwone watu wanavyokaa kwenye mabaraza na kahawa ya vikombe vidogo wakijadili siasa na mpira. Nendeni Lamu, nendeni Mombasa mji wa kale. Baraza la jiwe limeshikana na ukuta wa nyumba, limetazama njia, na kimo chake kinamruhusu mzee kukaa na kuinuka bila kushikwa mkono. Aliyekaa halazimiki kuwa mwenyeji wa nyumba, na anayepita anaweza kusimama akachangia. Bara nako tuna kibao chini ya mwembe, tuna kijiwe cha bodaboda, tuna benchi la mama ntilie. Mazungumzo ya asubuhi ya nchi hii yanafanyika watu wakiwa wamekaa wima, wanatazamana.

Linganisheni na sofa. Mgeni anakaa, anazama, magoti yanapanda juu ya kiuno. Bibi wa miaka 70 anaanza kufikiria ataondokaje hata kabla hajaulizwa swali la kwanza. Dada aliyevaa gauni anatumia kipindi kizima akivuta pindo. Sauti nayo inabanwa, kwa sababu tumbo limekunjwa na pumzi haishuki. Naomba kiti cha sentimita 45 kutoka sakafuni, chenye mgongo imara na mikono ya kujishikia, mto mgumu wa wastani. Au jengeni baraza lenyewe: benchi refu lililoshikana na ukuta, mkeka wa ukindu uliosukwa kwa mkono ukilipamba, watu watano wakae bila kubanana, na mwisho wake upande mmoja paachwe wazi sentimita 90 ili mwenye kiti cha magurudumu aingie kwenye mstari mmoja na wenzake, kimo kimoja, kamera moja. Nimeshalichora. Linajengeka kwa wiki mbili.

Sasa niingie kwenye magazeti. Kipengele cha mapitio ya magazeti ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na najua siko peke yangu. Marehemu baba yangu alikuwa hanunui gazeti, alikuwa analisikiliza. Akitegesha kiti chake mbele ya runinga ya jirani, mtangazaji anafungua kurasa za mbele moja baada ya nyingine, na baba anarudia vichwa vya habari kwa sauti ya chini akivisoma pamoja naye. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba kusoma kwake kwingi alikupata pale. Alikuwa ameishia darasa la pili.

Kwa ajili ya mtu kama huyo, meza ya magazeti ni kiungo muhimu kuliko skrini, na bado sijapata kuona mchoro hata mmoja ulioiwekea nafasi. Mtangazaji anashika gazeti mkononi, linatikisika, taa ya juu inapiga karatasi, kichwa cha habari kinafutika kwa mng'ao. Vituo vingine vimehamia kwenye picha ya ukurasa ndani ya skrini. Inasomeka kwenye runinga kubwa ya ofisini kwenu, lakini kwenye runinga ya inchi 24 iliyotundikwa juu ya mlango wa kinyozi herufi zinakuwa mchanga.

Nawaomba mfanye hivi. Tengenezeni ubao wa mwinamo, kama meza ya mchoraji, wenye ukingo wa chini wa kuzuia gazeti lisiteleze. Ufunikwe kitambaa cheusi kisichong'aa. Taa mbili ndogo, moja kila upande, zielekezwe kwa nyuzi 45, kwa sababu mwanga ukitoka pembeni namna hiyo mng'ao unakwenda upande wa pili na haurudi kwenye kamera. Kamera moja itazame ubao kutoka juu na isiguswe. Mtangazaji aweke gazeti, apitishe kidole chini ya maneno anayoyasoma. Hicho kidole msikidharau. Kuna mtu mahali fulani anakifuata. Gharama ya ubao huo, mbao na taa zake, ni ndogo kuliko kiti kimoja cha ngozi, na mkitaka nitaujenga kwa bei ya malighafi tu.

Kuhusu skrini kubwa za LED sitasema mengi, kwa kuwa wataalamu wake wapo, isipokuwa mambo mawili yanayonihusu mimi ninayetengeneza fremu zake. La kwanza ni umbali. Skrini huwa na namba, kwa mfano 2.5, maana yake nukta na nukta zimeachana milimita mbili na nusu. Mtangazaji akiketi karibu nayo, kamera inaziona zile nukta na nyuma yake kunatokea mistari inayotambaa kama maji. Mwacheni akae mita 3 mbele yake, punguzeni ukali wa mwanga wake, mistari itapungua. Hilo linataka chumba chenye kina, na kina hupatikana kwenye mchoro, hakipatikani baada ya fundi kumaliza. Wanaokwepa skrini kwa kutumia pazia la kijani, ambalo kompyuta hulibadilisha kuwa picha, nao wakumbuke wako wapi: kijani huvaliwa kwenye sare za shule, kwenye kanga, kwenye nguo za chama, na mgeni aliyekuja na shati la kijani tumbo lake linageuka dirisha.

La pili ni kile kinachowekwa ndani ya skrini. Nimeona magorofa ya miji ya ng'ambo nyuma ya mtu anayeeleza mgao wa maji Kimara. Nimeona anga la usiku lenye taa za jiji saa 1 asubuhi, jua likiwa limeshachomoza. Wekeni kamera juu ya paa. Tuonyesheni Magogoni watu wakishuka kwenye kivuko kutoka Kigamboni. Tuonyesheni Kariakoo ikifungua maduka, na Jangwani siku mvua ikinyesha, maana mtu wa Magomeni au Kimara anataka kujua kama barabara inapitika kabla hajavaa viatu. Na kama mna mwakilishi mikoani, gawanyeni ukuta huo sehemu mbili: jua la Kigoma huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya la Dar es Salaam. Mtazamaji wa Ujiji ataona kwamba nyuma ya mtangazaji kuna giza lake yeye pia. Hilo dogo linamwambia kwamba mnajua yupo.

Limebaki la mkalimani wa lugha ya alama, na hapa nawaomba msinipite haraka. Wenzetu wa Kenya walishaliweka kwenye sheria tangu 2003, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyovitaka vituo vya televisheni kuweka lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari na vipindi vya elimu. Uingereza, mwongozo wa Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa huko, unataka picha ya mkalimani isipungue sehemu moja ya sita ya picha nzima. Huku kwetu mkalimani akiwepo, mara nyingi namkuta amesimama kwenye kona ya kuhifadhia nyaya, mbele ya pazia lililobaki, na taa iliyobaki. Kwenye picha anakuwa mdogo kama stempu, na mikono ikishuka inapotelea nyuma ya maandishi yanayopita chini. Lugha yake iko mikononi na usoni. Mkimfunika mikono ni kama mmemkata msomaji sauti katikati ya sentensi.

Mjengeeni mahali pake tangu siku ya kwanza. Mita 2 kwa 2 zinatosha. Ukuta mmoja wa rangi tulivu usio na maua wala nembo, uliotofautiana na ngozi na nguo zake, taa mbili laini, kamera isiyohamishwa, na runinga ndogo mbele yake ili awaone wanaozungumza. Yule anayepanga maandishi ya chini ayaanzie pale nafasi ya mkalimani inapoishia. Ninaye mpwa wangu asiyesikia, ana miaka 13. Huwa anasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

Nimesikia wakisema seti za namna hii zitaonekana za kishamba. Siafiki. Mafundi wa Keko wanachonga milango inayonunuliwa na hoteli kubwa za Zanzibar, na hakuna mgeni anayeiita ya kishamba. Kinachotakiwa ni mchoraji akae meza moja na seremala, fundi wa taa, mpiga kamera na mtu wa sauti kabla rangi haijachaguliwa, na pawepo siku moja nzima ya kuketisha watu: mrefu, mfupi, mzee, mjamzito, mwenye ushungi, mwenye magongo, mweusi sana na mweupe kidogo. Kila mmoja akae, ainuke, atazamwe kwenye kamera. Yatakayojitokeza siku hiyo yarekebishwe hapohapo, misumari ikiwa bado haijazama.

Ule mteremko wa yule mwalimu niliujenga baadaye kwa fedha yangu. Nilipoupeleka nikakuta seti imeshavunjwa na kuwekwa nyingine, yenye jukwaa la juu zaidi. Nikarudi nao. Uko karakana kwangu, umeegemezwa ukutani: sentimita 240 kwa 122, umepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na juu nimebandika mikanda ya msasa ili magurudumu yasiteleze. Kituo kitakachouhitaji kilete kirikuu, kiuchukue bure.

Wenu katika kazi,

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam